Ukiitwa 'Bosi' Kashikishi, Shika Mfuko Wako

Kuna njia mbili za kujua bei ya samaki Kashikishi. Ya kwanza ni kuuliza. Ya pili, ambayo ni ya haraka zaidi, ni kusikiliza muuzaji amekuitaje kabla hujauliza.

Kashikishi ni mji wa soko ulio bega kwa bega na Nchelenge, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ukizidi kupanda na ufukwe unaingia wilaya ya Chiengi, hadi Puta, kwa chifu wa Wabwile. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Sokoni kinatawala Kibemba, nyumbani kuna Kibwile na Kishila, mitumbwi inaleta Kiswahili cha Katanga, na dirisha la benki linazungumza Kiingereza. Kwa hiyo mteja mmoja, mwenye sura ileile na noti ileile mfukoni, anaweza kuitwa majina sita tofauti kati ya stendi ya basi na meza ya chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani mchana. Kila jina lina bei yake.

Orodha hii inahesabu kutoka chini kwenda juu, yaani kutoka jina la kukukata hamu hadi jina la kukukopesha. Vigezo vyangu ni vitatu: heshima, bei, na mbasela. Mbasela ni kile kiganja cha nyongeza ambacho muuzaji anakutupia juu ya kipimo bila kuombwa, au baada ya kuombwa mara tatu. Asiyewahi kupewa mbasela hajanunua kitu Zambia, amelipa tu.

10. "Iwe!"

Kibemba kina "wewe" mbili. *Iwe* ni ya mtoto, ya rika lako, na ya mbwa aliyeingia jikoni. *Imwe* ni ya wengi, na pia ya mtu mmoja anayestahili heshima. Ukiona umeitwa *iwe* na mtu aliye nyuma ya meza, kuna mawili: ama una miaka tisa, ama umemgeuza samaki wake mara ya nne huku ukisema utarudi.

Msomaji wa Kiswahili ana shida yake hapa. Lugha yetu imempa rais na mbuzi "wewe" ileile. Heshima tumeihifadhi kwingine, kwenye shikamoo, kwenye sauti, kwenye "mzee wangu". Sasa Mtanzania aliyejifunza Kibemba cha kwenye basi anashuka, anamkuta bibi anauza mihogo, anamsalimu kwa furaha zote, "Uli shani?" Alipaswa kusema, "Muli shani mukwai?" Bibi hatamfokea. Atajibu vizuri, atatabasamu, kisha atampimia mihogo kwa jicho la mtu anayehesabu. Wazee wa ziwani hawaadhibu kwa kelele, wanaadhibu kwa kipimo.

9. "Anayefuata!"

Hili hata jina si jina, ni nafasi kwenye foleni. Unalikuta penye kioo, kalamu iliyofungwa kamba na feni isiyozunguka. Hapo hakuna mama wala baba, kuna fomu.

Binti wa kibanda cha kutuma pesa kwa simu ndiye bingwa wa kuhama namba kwenye orodha hii. Ukiwa mita ishirini anakuita mama mpenzi kwa sauti ya kwaya. Ukishamkabidhi kitambulisho anakuwa afisa: "Namba. Jina. Saini hapa." Akishakupa fedha zako, umama wako unarudi. Ni mama aliyekatika katikati, kama umeme.

8. "Bosi"

Hapa tukae kidogo, maana ugonjwa huu ni wa kwetu sote.

Bosi wa Kashikishi anatambulika kwa mbali. Amevaa viatu vya kufunika kwenye mchanga. Gari lake limetoka Lusaka au Kitwe, na ndani ya buti kuna koola kubwa tupu. Ukweli ni kwamba muuzaji hamsalimii yeye, anaisalimia koola. "Bosi! Bosi, huku, bosi!" Na bosi anapinda shingo, kwa sababu hakuna mwanamume anayeitwa bosi mara tatu asigeuke, hata kama asubuhi hiyo kazini kwake ameitwa jina jingine kabisa na bosi wa kweli.

Mtego uko hapo hapo. Bosi habishani juu ya kwacha tano. Ukishakubali cheo umekubali na gharama zake, na muuzaji anakungoja uanze kulalamika ili akuulize kwa mshangao, mbele za watu, "Hata wewe, bosi?" Wanaume wengi wamebeba samaki wasiowahitaji kwa sababu ya swali hilo.

Tanzania neno hili lilichukua muda kupanda bei. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kila mtu alikuwa "ndugu": waziri ndugu, mfagizi ndugu, na yule wa duka la serikali aliyekwambia hakuna sukari naye alikuambia kindugu. Zambia nayo ilikuwa na "komredi" yake enzi za UNIP ya Kenneth Kaunda, chama kilichong'oka madarakani 1991. Vyama vingi vikaja, soko huria likaja, ndugu akapotea, na mahali pake wakazuka mheshimiwa, mkuu, kiongozi, tajiri na bosi. Leo ukisimama pembeni mwa barabara Mwanza kwa dakika moja, kijana wa bodaboda atakupa vyeo vinne kabla hujamwambia unakwenda wapi, na nauli itafuata cheo cha juu kabisa.

Kibemba kina pia *bwana*, kwa maana hiyohiyo ya mkubwa wa kazi. Hilo ni neno letu, wala si la juzi. David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 alikuwa akisafiri pamoja na wafanyabiashara wa pwani ya Waswahili, na alipofika kwa chifu Mwata Kazembe alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh amekwisha kaa huko miaka mingi. Kwa hiyo ukipigwa bei ya bwana, usimlaumu muuzaji peke yake. Kuna babu zetu kwenye risiti hiyo.

7. "Kasitoma"

Jina safi. Halikusifu, halikutukani, linasema tu kwamba wewe una fedha na mimi nina samaki, tusipotezeane muda. Likiongezewa *wandi*, "wangu", linapata ladha: *kasitoma wandi*. Waganda nao wanaye "kasitoma wange", tena huimba neno hilo hadi unaona aibu kupita bila kununua walau kiberiti.

Tatizo la "wangu" ni kwamba lina wivu. Ukishakuwa kasitoma wa mama wa meza ya tatu, usije ukaonekana kwenye meza ya tano. Utarudi umeficha mfuko nyuma ya mgongo, naye atakuuliza, "Umenunua wapi hao?" kwa sauti ambayo hata mkeo hajawahi kuitumia.

Kiswahili sanifu kina "mteja", lakini mtandao wa simu umeliharibu. Mtanzania akisikia neno hilo, masikioni mwake anaingia yule dada wa sauti ya kurekodiwa anayetangaza kwamba mteja wa namba unayopiga hapatikani. Nairobi wamefika mbali zaidi: mtu akizima simu, husemwa tu "yuko mteja". Kwa maana hiyo mteja bora Afrika Mashariki ni yule asiyepatikana, na wauzaji wengi wa mkopo watakubaliana nami.

6. "Mudala"

Mzee. Kwa heshima zaidi, *ba mudala*. Mwanamume anaitwa hivyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na tisa, na anatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Faida: unapewa kiti kwenye basi, tena cha dirishani. Hasara: umekipata kwa nini. Wakenya wana "mzae" na "buda", sisi tuna "mzee", na baada ya mzee lipo shimo la "babu" ambalo ukishatumbukia hutoki. Kondakta mwenye ndevu kuliko zako akikuamkia shikamoo, pokea. Marahaba haina rufaa.

5. "Papa"

Ghafla, katikati ya Kibemba chote, unasikia Kiswahili. "Papa, kuya uone!" Moyo unaruka. Umesafiri siku mbili hujaelewa mzaha hata mmoja, na sasa mtu anakuita kwa lugha ya mama yako, au karibu yake.

Anatoka Kongo. Huenda amevuka na boti kutoka Kilwa, ile ya bara upande wa Katanga, maana kuna Kilwa nyingine ambayo ni kisiwa cha Zambia ndani ya ziwa hilihili, na ya kwetu ya Lindi inazitazama zote mbili kwa dharau ya mji wenye magofu. Huenda ametoka Pweto, pale Luvua inapochukua maji ya Mweru na kuyapeleka Kongo. Au ni mmoja wa waliokimbia vita vya Katanga ya Juu na Tanganyika ya Kongo, wakapokewa kwanza Kenani, kisha kuanzia 2018 wakapewa ardhi Mantapala, humuhumu wilayani Nchelenge. Watu waliopoteza nyumba wakafika na lugha na akili ya biashara, na leo ukitaka kuuliza bei kwa Kiswahili ziwani unawatafuta wao.

Papa wa Kikongo ana sifa moja ambayo bosi hana: hachagui umri wala hali ya mtu. Mzee ni papa, kijana ni papa, na mtoto wa miaka mitatu aliyetumwa chumvi naye ni papa. Msichana wa shule anayenunua pipi ni mama. Ukimwona mfanyabiashara mwenye mvi anamwambia mtoto wa kike asiyefika kimo cha meza, "Mama, franga yako ni kidogo", usicheke. Yule mtoto hajacheka, na yuko kwenye mazungumzo ya bei. Ukiwa na tumbo kidogo na miwani, unapanda kuwa *mukubwa*. Hapo rudi usome namba 8.

Mswahili mwenzangu, jihadhari na furaha ya lugha. Unajiona umefika nyumbani, unaanza hadithi, unasema unatoka Dar es Salaam, unauliza habari za Lubumbashi, unacheka kwa sauti. Yeye anacheka pia. Kisha anakutajia bei ya mtu anayetoka Dar es Salaam.

4. "Bayama", na hatari yake, "balamu"

Vijana wa stendi, wanaopiga kelele za kujaza mabasi ya kwenda Mansa, wameachana zamani na bosi. Wao wanakuingiza kwenye ukoo. "Bayama! Mansa, bayama? Nafasi moja!" *Yama* ni mjomba, kaka wa mama, na *ba* ya mbele ni heshima.

Ili uone ujanja ulivyo mkubwa, kumbuka kwamba Wabemba na watu wengi wa Luapula huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba huko si yule wa kuleta zawadi Krismasi na kulala sebuleni. Ni mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mwenye mzigo wao pia: ada, mahari, kesi. Kwa hiyo kijana usiyemjua akikuita *bayama* amekupa mamlaka hewa na deni halisi. Ukipanda basi lake atakuomba ya soda, na mjomba gani anamnyima mpwa ya soda? Angekuita "baba" ungeweza kumwambia aende akafanye kazi.

*Balamu* ni shemeji, na hapo unapaswa kutazama ni nani umeandamana naye. Mtu akikuita shemeji stendi ukiwa umeshika mkono wa dada yako, hajakusalimia, amewasilisha posa. Jambo hili halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Dar: bodaboda wetu wana "shemeji" na "mkwe" kwa kazi hiyohiyo. Nimesikia abiria mmoja wa kike akijibu, "Mimi siyo shemeji yako, dada yangu ana akili," na basi zima likalipa nauli likicheka. Kondakta pia alicheka. Chenji hakurudisha.

3. Tusi

Ndiyo, tusi, na liko namba tatu kwa haki.

Kabla hajakuuzia, mama wa chisense anaweza kukuuliza wewe ni wa ukoo gani. Usidhani ni sensa. Wabemba na majirani zao wana koo zenye majina ya wanyama na vitu, na koo hizo zimepangwa kwa jozi za utani unaoitwa *bunungwe*. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Wabemba, aliandika makala juu yake 1937. Jozi inayofaa kabisa kwa ufukwe wa ziwa ni ya Abena Ng'andu, watu wa mamba, na Abena Isabi, watu wa samaki. Mamba anakula samaki, kwa hiyo ni watani.

Fikiria basi muuzaji wa ukoo wa samaki, anauza samaki, na mbele yake anasimama mteja wa ukoo wa mamba.

"Umekuja kula ndugu zangu tena?"

"Wewe unawauza, mimi nawala tu. Nani ana dhambi kubwa?"

"Meno yenyewe yamekwisha. Nikuchagulie walio laini?"

Mgeni akipita atadhani kuna ugomvi na atatafuta polisi. Kumbe hapo ndipo penye huduma bora kuliko zote sokoni. Mtani hawezi kukuuzia samaki aliyeoza, maana utamsimanga hadi mazishini, na mazishini mtakutana kwa hakika, kwa sababu mtani ana kazi zake katika maziko yako. Ni vigumu kumpunja mtu ambaye siku moja utamzika, au atakuzika yeye, na bado mna hesabu ambazo hazijafungwa.

Wachaga na Wapare wanaelewa ninachosema. Mpare akiingia duka la Mchaga, salamu ni shambulio, na mizani inapimwa mara mbili kwa kelele za pande zote. Ninachowaonea wivu watu wa Luapula ni kwamba wao utani umewekwa kwenye ukoo, si kabila peke yake, hivyo mtani unaweza kumkuta kijiji cha jirani, au hata amelala kitanda kimoja na wewe.

Mgeni asiye na ukoo wa kujibu afanyeje? Aseme ukweli, kwamba hana. Atatafutiwa.

2 na nusu. Kimya

Nimelazimika kuliweka hili katikati, kwa sababu halina namba yake, linategemea kalenda.

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, ili samaki wazaliane. Mitumbwi inapumzika, meza zinapungua, na yule mama aliyekuwa akiita kasitoma, bosi, papa na mjomba kwa pumzi moja sasa amekaa kimya nyuma ya kirundo kidogo cha samaki wakavu. Hakuiti. Hana haja. Ni wewe unayemwita.

"Mama. Mama mpendwa. Muli shani, mama?"

Tazama mabosi wa koola wanavyoinama mwezi Januari. Wanaomba. Wanataja afya ya watoto wake. Wanaulizia mguu uliokuwa ukimuuma mwaka jana. Mtu aliyekuwa anabonyeza samaki kama anapima tairi sasa anauliza kwa upole kama anaweza kugusa. Mimi ningependa kila mteja duniani apelekwe Kashikishi Januari moja, kisha arudishwe mjini kwake aone kama bado ataweza kumpigia mhudumu vidole.

2. "Mukwai"

Hakuna neno linalofanya kazi nyingi ziwani kwa mshahara mdogo hivi. *Mukwai* si bwana wala bibi, si tafadhali wala samahani, ila linasimama badala ya yote manne. Analisema muuzaji kwa mteja, mteja kwa muuzaji, nesi kwa mgonjwa, polisi kwa dereva aliyezidisha abiria, na dereva kwa polisi, mara nyingi zaidi.

Uzuri wake ni kwamba halina cheo ndani. Bosi anapandishwa ili alipe, mudala anastaafishwa, bayama anabebeshwa ukoo. Mukwai hapewi kitu zaidi ya utu. Na haliulizi kama wewe ni mwanamume au mwanamke, tajiri au mwenye kuuliza bei tu, hivyo mhudumu hawezi kukosea. Mwenye hoteli yeyote anayelipia semina za "huduma kwa mteja" angeokoa fedha kwa kulikodi neno hili kwa mwaka mmoja.

Hata kukataliwa kunapendeza. *Tapali mukwai*: hakuna, mheshimiwa wangu. Unaondoka mikono mitupu, lakini unaondoka umenyooka. Linganisha na ile "hamna" ya baadhi ya maduka yetu, inayotolewa bila kuinua macho kwenye simu, kana kwamba umeomba figo.

Sambamba na mukwai kuna ile *ba*, kiambishi cha heshima kinachobandikwa mbele ya kila mwenye kazi: *ba dokota*, *ba tichala*, *ba kondakita*. Kampuni ya umeme nayo ina heshima yake, *ba ZESCO*, hata siku ambayo taa zimezima tangu alfajiri. Na mwizi wa usiku, *kabolala*, akitajwa kwa wingi anapata *ba* yake kama watu wengine. Sijawahi kuona sarufi yenye moyo mpana hivi.

Kama umesahau kila kitu kingine, sema mukwai. Ukikosea salamu, sema mukwai mwishoni. Ukikanyaga mguu wa mtu kwenye boti, mukwai. Kitu pekee ambacho mukwai haliwezi kufanya ni kupunguza bei. Kwa kazi hiyo inabidi tupande ngazi moja ya mwisho.

1. "BanaChanda", "BashiMulenga"

Mama Chanda. Baba Mulenga. Mshindi ni huyu, na hakuna wa pili wa karibu.

Muuzaji akikuita kwa jina la mtoto wako, amekuambia mambo mengi kwa mara moja. Anajua una mtoto. Anajua ni yupi. Anajua alikuwa na homa wiki iliyopita, na kwamba leo umekuja kununua samaki wa mchuzi, siyo wa kukaanga, kwa sababu mtoto ameanza kula tena. Hakuulizi unataka wangapi. Anaanza kupima, na mbasela inaanguka juu ya kipimo kabla hujafungua mdomo.

Kwenye soko kubwa la Kashikishi jina hili hulipati kwa siku moja. Watu wanakuja na kuondoka, malori yanapakia, wageni ni wengi. Puta ni kitu kingine. Huko mji ni mdogo, muuza sabuni amesoma na dada yako, na fundi baiskeli anamjua babu yako kwa sauti ya kikohozi. Jina la mtoto ndilo kitambulisho, dhamana na leja ya mikopo. "BanaChanda, utaleta Ijumaa." Hakuna karatasi. Hakuna saini. Na hakuna pa kujificha: Ijumaa ikipita, muuzaji hatakutafuta wewe, atamwona Chanda njiani anatoka shule na kumwambia kwa upole, "Msalimie mama." Mtoto anafikisha salamu. Mama anajua salamu hiyo ina thamani ya kwacha ngapi.

Sisi tunalo hili. Mama Asha, Baba Juma, Mama Neema wa vitumbua: mitaa yetu yote ilijengwa juu yake, na ilikuwa rahisi kukopa unga kwa jina la Asha kuliko kwa jina lako mwenyewe. Tumelibakiza uswahilini, kwenye genge na kwa muuza maziwa. Tukiingia dukani penye kiyoyozi tunataka kuitwa bosi, na tunashangaa kwa nini hatukopeshwi.

Tofauti kati ya namba moja na namba nane ni hiyo tu. Bosi anaitwa kwa kile anachodhaniwa kuwa nacho, mama Chanda anaitwa kwa mtu anayemrudia nyumbani. Wa kwanza analipa taslimu na anapunjwa. Wa pili anadaiwa, anasimangwa kidogo, na anakula vizuri.

Basi ombi langu kwa wauzaji wa Kariakoo, Gikomba, Owino na Darajani, na kwa kila kondakta aliyewahi kunipa uongozi ambao sikuugombea. Vyeo tumeshiba. Tuulizeni majina ya watoto wetu, tutayataja bila ubishi na hata picha tutaonyesha. Asiye na mtoto muiteni kwa jina lake, analo. Na mkipima dagaa, ongezeni kiganja kimoja juu ya kopo, mukwai, na kisiwe cha vichwa vitupu.